Mkono wa Jumbe na Kikombe cha Kushoto

Sogea karibu, lakini apa kwanza. Apa kwamba hili halitavuka kizingiti cha mlango huu, maana Bi Mwanaharusi naye aliapishwa, tena akiwa ameshika kichwa cha mjukuu wake, kwamba hatalitamka kwa kinywa chake. Umeapa? Haya basi, sikia: mkono wa Jumbe ulikuwa mzima. Ule wa kulia aliouning'iniza shingoni kwa kipande cha kanga ya mkewe, ule aliotangaza mji mzima kwamba Daktari Chenge ameuua kwa kisu, ulikuwa mzima kama wako na wangu. Mwaija, mkewe, alimfuma akiunyoosha mpaka juu ya kabati kuzitafuta karanga alizofichwa. Mbio kwa Bi Mwanaharusi, akamnong'oneza, wakacheka mpaka wakashikana, kisha akakumbuka aibu ya nyumba yake akamwapisha.

Mwaka wenyewe ni ule wa kuelekea Uhuru. Kijiwe kilikuwa kwenye baraza la duka la Natvarlal, hapa Nyamagana, benchi moja refu lililong'aa kwa makalio ya watu. Bi Mwanaharusi aliuza kahawa hapo tangu arithi dele la marehemu mumewe, na pamoja na dele alirithi masikio. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kuswali, kanzu nyeupe tupu. Jumbe alivaa mpya kabisa.

— Hebu niambieni, alianza Salehe, aliyeitwa Redio kwa sababu habari zote zilipitia kwake, ziwe zimetokea au bado. Mtu anasoma Makerere, anapanda meli mpaka Ulaya, anakaa huko mpaka kichwa kinaota mvi, halafu anarudi anasema mimi ni wa mabega na viwiko. Basi! Huo ni usomi au uvivu?

— Na goti je? aliuliza Natvarlal, ameegemea mlango wa duka lake.

— Goti hagusi! Ulaya mwili wameugawa kama viwanja. Wa bega akivuka shingo anashtakiwa.

— Acha wewe.

— Nakwambia! Akitaka kupita kifuani lazima abishe hodi kwa mwenye kifua.

— Kweli hiyo inawezekana, Natvarlal alikubali. Binamu yangu wa Jinja alifunguliwa kiwiko, wakamtilia bawaba ya kabati. Asipokipaka mafuta ya nazi, akisalimiana na watu kinalia kwiii! Wateja wanakimbia.

— Huyo ana bahati, alisema Jumbe, akiupapasa mkono wake kama mtoto mwenye homa. Mimi Chenge alinitoa mfupa wangu, akaniwekea wa mbuzi.

— Wa mbuzi!

— Nauhisi, ndugu zangu. Mvua ikinyesha, mkono unavuta kwenye majani.

Benchi likaangua kicheko. Mmoja tu hakucheka: Abeid, fundi cherehani, mtoto wa Bi Mwanaharusi.

Na angechekaje? Binti yake Zakia aliteleza kwenye majabali ya huko juu, alikokuwa akianika nguo, akaangukia mkono. Wakamfunga vijiti nyumbani. Vilipofunguliwa, mkono wa kulia ulikuwa umenyooka kama mchi, kiwiko hakikunjiki. Msichana wa miaka kumi na saba, mwenye adabu zake, hawezi kupeleka tonge mdomoni kwa mkono wa kulia. Sasa alikula jikoni peke yake, amegeukia ukuta, asionwe akila kwa mkono wa kushoto. Posa ilikuwa imeshakuja nyumbani. Ikaanza kukohoa na kutafuta njia ya kurudi.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo hiyo, Bi Mwanaharusi alikuwa amekwenda mwenyewe kwa Daktari Chenge. Alikuta benchi la wagonjwa wake tupu, kila mtu ameogopa mfupa wa mbuzi. Daktari alichukua chungwa, akaliweka juu ya kisahani.

— Bega ndilo hili, bibi. Linazunguka kila upande kwa sababu halikushikwa sana, na ndiyo maana huteguka. Likizoea kuteguka, nazikaza kamba zinazolizuia. Kiwiko ni kingine. Kiwiko ni bawaba yenye kinyongo; ukikifunga siku nyingi, kinagoma.

— Na cha mjukuu wangu?

— Nikikifungua kesho Jumamosi, nina imani kitakunjika. Tukizidi kungoja, imani inapungua. Lakini baba yake lazima akubali.

— Na Jumbe? Ulimfanya nini Jumbe, baba?

Daktari akalirudisha chungwa lilikotoka. Uso ukamwinama.

— Ya mgonjwa hubaki kwa mgonjwa, bibi.

Hapo Bi Mwanaharusi akaona mambo yalivyofungana. Daktari amekula kiapo cha kazi yake, hawezi kujitetea. Yeye naye amekula kiapo cha Mwaija. Aliyebaki bila kiapo ni mmoja tu: mkono wenyewe.

Basi, turudi barazani.

— Mama, usianze tena, alisema Abeid kabla hajaulizwa. Kesho Zakia haendi. Nimeona ya Jumbe yanatosha.

— Nimesema kitu mimi? Mimi nauza kahawa.

— Umemwokoa mtoto, Abeid, alisema Jumbe. Mimi nilikuwa napakia marobota ya pamba pale bandarini kama mchezo. Leo mashemeji ndio wanaonilimia. Mazishi yakitokea, jeneza linanipita hivi hivi naliangalia, siwezi hata kulitia bega.

— Pole sana, alisema Redio.

— Wali nalishwa na mke!

— Pole mara mbili.

Bi Mwanaharusi aliinamia mkaa asionekane anavyotabasamu. Jambo moja alikuwa ameliangalia muda mrefu. Siku zile, mtu akipaza sauti "Uhuru!" popote pale, sokoni, kivukoni, hata msibani, kila aliyesikia aliitika na mkono wa kulia ukapaa juu wenyewe. Kushoto hakuna aliyethubutu. Nani aukaribishe uhuru kwa mkono wa chooni? Jumbe peke yake ndiye aliyeruhusiwa, na alijizoeza: akisikia tu, kushoto juu, huku akiomba radhi kwa ulemavu wake. Hajawahi kukosea.

Ila hajawahi pia kuitika akiwa na kanzu mpya.

— Jumbe mwanangu, alisema Bi Mwanaharusi kwa sauti ya asali. Kwa mateso yako hayo, leo kunywa kahawa yangu bure.

— Marahaba, Bi Mwana!

Akasahau hata kwamba shikamoo alipaswa kuitoa yeye. Bi Mwanaharusi akampa kikombe mkono wa kushoto, akakijaza mpaka kahawa ikasimama ukingoni, inatetemeka, inafuka moshi. Jumbe akakishika kwa ncha za vidole, pumzi ameibana, macho hayabanduki kwenye kikombe na kanzu, kanzu na kikombe.

Bibi akaweka dele chini. Akaupandisha mtandio. Akajaza kifua.

— UHURUUU!

— UHURU! liliitika baraza zima.

Mikono ikapaa. Wa Redio, wa Abeid na sindano yake, wa Natvarlal. Na katikati yao, mrefu kuliko yote, umenyooka kama mlingoti, vidole vimechanua, mkono wa kulia wa Jumbe. Kipande cha kanga kikamponyoka shingoni, kikapepea, kikaanguka katikati ya njia. Kikombe cha kushoto hakikumwagika hata tone.

 

Redio aliruka kutoka kwenye benchi aone vizuri. Abeid alisogea. Kwa jicho la fundi aliupima ule mkono kuanzia kwapani mpaka kwenye ncha za vidole, akauzunguka, akarudi mbele.

— Mbuzi huyu, alisema taratibu, kashonwa vizuri sana.

Kisha akageukia uani, akaita kwa sauti iliyovuka maduka matatu:

— Zakia! Zakia mwanangu! Kesho asubuhi uwe tayari, tunakwenda kwa daktari! Na wenye posa waambie wasiondoke, utawapakulia kwa mkono wako!

Bi Mwanaharusi alipiga kigelegele kilichowatoa watu sokoni. Wakaja, wakajaa, wote wanamtazama Jumbe, naye ameganda vile vile, hajui aushushe mkono au auache, maana kuushusha pia kunataka mkono mzima.

Ndipo mtu mmoja akashuka kwenye baiskeli yake nje ya kundi, mwenye mvi na mkoba wa ngozi. Aliinama, akaokota kile kipande kilichoanguka njiani, akakikung'uta vumbi kwa adabu, akauliza:

— Samahanini, jamani. Kanga hii ya nani?

Watu wakainua macho. Daktari Chenge akafuata macho ya watu, juu, juu zaidi, mpaka kwenye vidole vya Jumbe vilivyokuwa bado vinaukaribisha uhuru.