Hedvika Hlubučková, Mchoraji wa Bilauri

Hedvika alizaliwa tarehe 3 Machi 1943 kijijini Jesenný, binti wa mzee Mařatka, mkata kuni za tanuri la vioo. Mama yake alikuwa akisema: alitambaa upesi, akatembea upesi, akapotea upesi.

Mwaka 1957 alianza shule ya vioo mjini Železný Brod, akajifunza kuchora kwa rangi juu ya glasi. Siku za mapumziko hakupumzika. Alizunguka makasri na makanisa kwa baiskeli, akinakili bilauri za watu wa kale. Kwa kila moja aliuliza ilishikwaje, na walioinywea walikuwa wakila nini.

Tarehe 20 Juni 1964 aliolewa na Alois Hlubuček, mpuliza vioo, akawa Hlubučková. Kwa ajili ya harusi alichora bilauri za kijani zenye vinundu, za mtindo wa zamani, na Alois akazipuliza. Baba mkwe wake akacheka.

"Mkwe, bilauri yako ina majipu!"

"Kula bata bukini kwanza, baba, halafu ushike hiyo yako."

Mzee akala. Akashika glasi yake laini kwa vidole vya mafuta, ikamponyoka, ikavunjika.

"Haya, nileteeni hiyo ya majipu."

Hedvika alichora katika kiwanda cha vioo hadi 1992, kisha katika karakana ya familia. Mwaka 2019 mwanawe Bořek alizima tanuri la karakana. Bei ya gesi ilikuwa imepanda mno. Dada yake Zdislava hakumsamehe. Tangu hapo hawasemezani. Mama yao hakutulia: basi la asubuhi kwa huyu, la jioni kwa yule, na keki mkononi. Hakuna aliyelegea.

Mikono yake ilianza kutetemeka mwaka 2022. Majira haya ya baridi alichora bilauri ya mwisho, ndefu, iliyopulizwa kabla tanuri halijazimwa, akaitia mistari ya kuizunguka. Ni ya kunywa kwa zamu. Unakunywa hadi mstari wako, sawasawa. Ukiupita, unakunywa tena hadi unaofuata.

Mumewe alimwambia, "Hedvika, mistari imepinda. Mtu atajuaje kama amefika?"

"Watabishana, mzee. Wakibishana, si wanaongea?"

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025, akiuliza kama rangi imeshika. Imeshika.

Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu. Tukitoka makaburini, bilauri hiyo itazunguka baani. Bořek ataanza. Zdislava ndiye atakayeangalia kama amefika mstari. Sisi wengine tutawaachia wabishane.

Mungu amlaze pema.