Msiliandike Jina Langu Kando ya Lake

Sogeeni, wanangu. Thaddeus, funga mlango mchungaji asisikie, maana tangu asubuhi ananisihi niseme nimemsamehe Jaji Harlan Tunstall, na mimi siendi mbele za Mungu na uongo mdomoni.

Nyumba hii na miti ya kokwa za pekani ni ya Thaddeus. Vitabu vya sheria ni vya Verlene, aliyeshika kazi yangu. Msigombane. Sasa nisikilizeni.

Nilikuwa na miaka tisa baba yangu, Ezell Mabry, aliposhtakiwa kwa wizi wa nyumbu, na nyumbu yule alikuwa wake, nilimlisha kwa mikono yangu hii. Raia kumi na wawili waliokaa kumwamulia walikuwa wazungu watupu, na sisi ni weusi. Baba akainua mkono apate kusema. Tunstall, jaji wa kesi ile, akamwambia, "Shusha mkono, Ezell, watu wana njaa hapa." Wakamtia hatiani, wakaenda kula. Baba akafia gerezani akivunja mawe, hata mahindi ya mwaka ule hayajavunwa.

Basi msidhani nilisomea sheria kwa kupenda haki. Nilisoma kwa ajili ya mtu mmoja. Chuo cha jimbo letu kilinikataa kwa rangi yangu, jimbo likanilipia nikasome Kaskazini, ilimradi nisikae darasa moja na watoto wao. Chicago nilifua mashuka ya hospitali huku nikikariri kesi. Nikafaulu mtihani wa uwakili, nikarudi hapa hapa Alabama.

Siku ya kwanza mahakamani Tunstall alinichungulia juu ya miwani. "We Odessa, wafuaji huingilia mlango wa nyuma."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Nimeingilia huo huo, mheshimiwa," nikasema. "Ndiko mlikompitishia mteja wangu."

Miaka mitano nilishindwa mbele yake, na kila kesi nilihakikisha pingamizi langu juu ya waamuzi wazungu watupu limeandikwa neno kwa neno. Yeye akadhani ni ukaidi wa mwanamke.

Kisha akamhukumu Roscoe Bivins kifo. Mahakama kuu ya jimbo ikanikatalia rufaa, nami nikaenda mahakama ya shirikisho, ile ya nchi nzima, ambako Tunstall hakuwa jaji. Huko nilimwita awe shahidi. Mkewe akanidaka kwenye korido, machozi yanamtoka. "Odessa, mwanangu, moyo wake ni mbovu. Mwonee huruma."

"Bi. Tunstall," nikamwambia, "mimi naitwa Wakili Mabry."

Tunstall akaapishwa. Nikamuuliza, "Bwana Tunstall, katika miaka yako yote, ni watu weusi wangapi walioitwa kuamua kesi kwenye mahakama yako?"

Akamgeukia jaji. "Mwambie aniite mheshimiwa."

"Jibu swali, bwana," jaji akasema.

Nikampitisha mwaka baada ya mwaka, kesi baada ya kesi, mpaka shati likamganda mgongoni. Mwisho akanong'ona, "Hakuna."

"Karani hajasikia, bwana."

"Hakuna hata mmoja!"

Kwa kuwa weusi walikuwa wamezuiwa kuamua, kinyume cha katiba, Roscoe alipata kesi mpya, akaachiwa huru. Lakini nyie ni wanangu, nawaambia la ndani: jibu la kumwokoa Roscoe nililipata kabla ya saa sita mchana. Maswali niliyoendelea kumuuliza mpaka jioni yalikuwa ya baba. Tunstall alikufa majira ya baridi ya mwaka ule ule. Siku ya maziko yake nilikaanga kuku, nikala nikashiba.

Jana mjukuu wake alikuja na maua. Wanataka kuiita mahakama mpya jina la babu yake, na eti langu liandikwe kando, iwe upatanisho. "Mama Mabry, historia imekwisha," akasema. Nikamwambia achukue maua yake.

Nipe maji, Verlene... Inatosha. Jumatatu baraza la kaunti linakaa kulipitisha jina hilo. Mazishi yangu yangoje. Nenda na mwenendo wa kesi ile ya Roscoe, kurasa zote mia moja na kumi na mbili, usome mbele yao. Wakikukatiza, anza upya ukurasa ule. Thaddeus, simama naye, usimguse mtu. Sauti tu.

Mungu awalinde... awape watoto... wenye vichwa vigumu. Mchungaji... mwiteni sasa, aombe. Ila akitaja msamaha...

Mtoeni.