Soksi za Abdulkarimu

Kijiwe chetu cha kahawa kipo Kibiti, nyuma ya stendi, na wanywaji wa kudumu ni watatu. Kuna mimi Bwanaheri, waniitao Boriti kwa kuwa nimekata mikoko kule delta miaka thelathini, matope mpaka magotini. Kuna Hemedy, tunamwita Kamusi maana hakuna asichokijua. Na kuna Abdulkarimu, ambaye leo kaja kakunja suruali makusudi, tuone soksi zake mpya za rangi ya ngozi, zimembana kuanzia nyayo hadi chini ya goti. Wallahi alinikera.

— Umekuwa bibi harusi? nikamuuliza.

— Daktari huyo. Damu yangu ikishuka miguuni inagoma kurudi. Hizi zinaibana, ipande.

— Soksi za mpira hizo! Kamusi akadakia. Hata mimi niliambiwa nikanunue. Nikachukua za bluu, zina mistari miwili.

— Hizo za kuchezea mpira, Kamusi!

— Mpira si mpira? Mguu ulivimba vilevile, lakini nilipendeza.

Wakacheka. Mimi nikaivuta miguu yangu chini ya benchi. Tangu asubuhi ilikuwa imekataa kuingia kwenye viatu, nimekuja na kandambili.

— Na kutawadha je? nikambana Abdulkarimu. Au siku hizi huoshi miguu?

— Natawadha, naswali alfajiri, halafu najilaza, miguu juu ya mto. Uvimbe ukipungua, mke wangu Habiba ananivisha.

— Anakuvisha? Huna mikono?

— Zinabana, bwana, peke yako huziwezi. Anavaa glavu, anauweka mguu mapajani mwake, anavuta kidogo kidogo. Tena huku ananiimbia.

Ananiimbia! Nikakitua kikombe.

— Na adhuhuri?

— Naulinda udhu uleule. Huoni nakunywa kikombe kimoja tu?

— Sikilizeni, akasema Kamusi. Damu ikibanwa chini, yote inakimbilia kichwani. Ndiyo maana mwenzetu siku hizi anajisikia.

— Itamtokea masikioni, nikaongeza.

— Na siku Habiba akichoka akamvisha mguu mmoja, damu itahamia upande. Atatembea kama kaa.

— Mke anayemwimbia mumewe asubuhi yote ile ana lake jambo, nikasema. Kagua sanduku lako la pesa, Abdulkarimu.

— Boriti, huo wivu.

— Wivu wa soksi? Mimi?

Hapo akafika Ummy, binti mgeni anayeuza kwenye duka la dawa, kafuata kashata zake.

— Shikamooni, babu zangu.

— Marahaba.

Akachungulia chini ya benchi.

— He! Babu Boriti, mbona miguu imekuwa hivyo? Soksi nilizokupimia mwezi jana huzivai?

Kamusi akanigeukia. Abdulkarimu naye.

— Zipo nyumbani, nikasema. Kwenye pakiti yake.

— Zinakubana sana?

— Hazipandi. Nimevuta mpaka mgongo ukalia, zikaishia kwenye kifundo.

— Sasa si umwambie bibi akuvishe?

Kamusi akainamia kikombe chake. Wote pale wanajua kwamba Mwanamize nilimpa talaka mwaka juzi kwa samaki aliyeungua, akarudi kwao Ruaruke. Ummy hakujua.

— Kwani nyumbani unakaa na nani, babu?

Muuza kahawa akainamisha birika, likatoa matone mawili. Abdulkarimu akaanza kuikunjua suruali yake, mguu mmoja, kisha wa pili, mpaka soksi zikafunikwa zote.