Ukurasa wa Kumi na Nne wa Mwalimu Dalmas

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji Shivachi, mwenyekiti wa kamati ya vitabu ya makanisa yetu, Daktari Munyao uliyetoka chuoni, walimu wote, kina mama wa chama cha Silanga, wageni waalikwa wa Sarang'ombe hapa Kibera na sisi wachache tuliovuka kutoka Kawangware, na wewe Mwalimu Dalmas Oketch, ambaye leo tunakuaga urudi nyumbani ziwani: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu kama ninavyojisalimu mwenyewe.

Naitwa Ephantus Waithaka. Mimi ni mpiga chapa, nyuma ya soko la Kawangware. Nachapa kadi za harusi, programu za mazishi, na vitabu vyote saba vya Mwalimu. Kwenye ratiba nimewekwa mwisho, kabla tu ya sala ya chakula, nikaambiwa niwe mfupi. Walionitangulia hawakuambiwa. Wamemsifu Mwalimu kwa muda wa saa moja na nusu, na katika muda huo wote sikusikia hesabu hata moja ikitajwa. Ni kama kumuaga seremala bila kutaja mbao.

Basi mimi nitazitaja.

Mnakumbuka kitabu chake cha kwanza, kile chembamba kilichouzwa dukani pamoja na mishumaa na chumvi? Humo alieleza habari ya gorogoro, huu mkebe tunaopimia mahindi. Alionyesha kwa mchoro kwamba mwenye duka akiupiga mkebe nyundo chini, kitako kikaingia ndani kiasi cha upana wa kidole, basi katika kila gorogoro nane unazobeba nyumbani, moja ni hewa. Hakumtaja mtu. Lakini wiki ile kina mama walifika sokoni na rula za watoto wao. Binamu yangu alikuwa na mkebe wa namna hiyo, na hadi leo hajanisamehe kwa kuchapa kitabu hicho. Nilimwambia anunue mkebe mwingine.

Huyo ndiye Mwalimu. Hakutaka watu waogope namba. Alitaka namba ziogopwe na wezi. Aliandika juu ya asilimia, juu ya sifuri, juu ya bahati nasibu na kwa nini mwenye bahati nasibu ndiye hushinda. Mimi niliyeachia shule darasa la saba nilijifunza aljebra nikipanga herufi zake moja moja, kwa sababu huwezi kupanga usichokielewa bila kukosea, na kila kosa lilikuwa linanirudia mimi.

Halafu kikaja kitabu cha sita, *Jicho Halikuokotwa*. Ndicho mlichokisifu leo, na ndicho kilichochekwa gazetini. Mwalimu hakukubali evolusheni, ile elimu isemayo viumbe viligeuka polepole, kimoja kikatokana na kingine. Hakuikataa kwa mahubiri. Alisema: nipeni hesabu ya bahati yenyewe. Akachukua jicho, akaligawa sehemu kumi, akauliza ni mara ngapi bahati tupu ingeziweka zote kwa mpangilio wake. Kwa mfano akatumia chama cha kuchangiana pesa. Wanawake kumi wanachukua karatasi bakulini kupanga zamu: ni rahisi namna gani zamu zitoke sawasawa kwa umri, mkubwa wa kwanza, mdogo wa mwisho? Akaandika ukurasa wa kumi na nne: mara moja katika bilioni kumi.

Kamati ya Mchungaji ikaipenda namba hiyo, ikaagiza mzigo mkubwa. Daktari Munyao naye aliona nakala ya mapema, akaandika gazetini. Daktari, makala yako niliisoma mara mbili. Ulicheka jalada. Ulicheka mishumaa. Ulisema mtu wa Kibera hana la kusema juu ya jicho. Ukurasa wa kumi na nne hukuugusa, na kosa lilikuwa limekaa pale limenyoosha miguu.

Aliyeliona ni nani? Ni yeye mwenyewe. Jumapili moja chama kilikutana kwake, kwa sababu mkewe, Mama Billy, ndiye mwekahazina. Mwalimu alikuwa pembeni na chai yake. Kina mama wakaanza kuchukua karatasi za zamu, na kila iliyotoka bakulini ikawekwa mezani. Hapo akaacha kunywa.

Mama Billy ameniambia kwamba alimuuliza, "Baba Billy, mbona umekauka hivyo? Umeona nyoka?"

"Hamrudishi," akasema.

"Haturudishi nini?"

"Karatasi."

"Tukirudisha si mtu mmoja atapata zamu mbili? Wee kunywa chai yako, mwanaume."

Kina mama wakacheka. Yeye akavaa koti.

Kitabuni alikuwa amezidisha kumi kwa kumi kwa kumi, mara kumi, kana kwamba kila karatasi iliyotoka inarudi bakulini. Lakini hakuna chama duniani kinachofanya hivyo. Wa kwanza anachagua kati ya kumi, wa pili kati ya tisa, wa tatu kati ya nane. Ukizidisha hivyo hupati bilioni kumi. Unapata milioni tatu, mia sita ishirini na nane elfu, na mia nane. Bado ni namba kubwa. Lakini ile ya kwanza ilikuwa imeipita zaidi ya mara elfu mbili na mia saba.

Alikuja kwangu kwa miguu, kutoka Kibera hadi Kawangware, akaniambia nisimamishe mashine. Nikamwambia mashine ilishasimama, vitabu vimeshonwa, vinangoja lori ya kamati. Nikamuuliza ni nani atakayejua.

"Wewe umeshajua, omera, ndugu yangu," akasema. "Tayari tuko wawili, na kitabu hakijatoka mlangoni."

Nilikasirika, na sijutii. Nilimwambia anawapa adui zake rungu. Akanijibu kwamba rungu ni lao, hesabu ni yake. Akaketi kwenye ndoo ya wino, akaandika karatasi ndogo ya masahihisho itiwe ndani ya kila nakala. Naikumbuka neno kwa neno, kwa kuwa niliipanga kwa mkono:

"Nilihesabu kana kwamba kila kilichopatikana kinarudishwa. Pale ambapo kilichopatikana kinahifadhiwa, namba yangu haifai. Bado siamini kwamba jicho lilijitengeneza. Lakini msomaji asikubaliane nami kwa sababu ya ukurasa wa kumi na nne."

Lori ilikuja, wazee wakasoma karatasi ile, lori ikarudi tupu. Vitabu vikabaki kwangu mpaka panya wakawa wasomi. Wa chuoni walikuwa wameshamcheka, wa kanisani wakamnyamazia, na Mwalimu akaendelea kufundisha hesabu za sehemu kwa maganda ya machungwa.

Mniwie radhi, sijamaliza.

Wengi mnajua kwamba tangu mwaka jana presha ya macho imemchukulia nuru. Anatujua kwa sauti. Jumanne iliyopita, Mchungaji, ulikuja kwangu. Uliniomba nikichape upya kitabu cha sita, nakala za makanisa yote, na ya kwanza akabidhiwe leo mbele ya watu. Karatasi ya masahihisho ukasema niiache, na ile bilioni kumi ibaki ilivyokuwa. Ulisema kwa upole, nakubali: "Waithaka, mzee hatasoma. Tumpe heshima yake tu."

Ndugu zangu, mimi ni wa kanisa hilo hilo. Nyani si babu yangu. Namwamini Mungu aliyeumba jicho, na sidhani anahitaji nimsaidie kwa namba mbovu. Na heshima ya mwandishi ni nini, kama si yale aliyoandika? Kitabu hicho kikitoka hivyo, jina lake litazunguka Nairobi yote likisema jambo alilolikanusha kwa mkono wake, kwa sababu tu hawezi kuliona. Tungemfanyia hivyo angekuwa anaona?

Nimekichapa. Nakala ndiyo hii. Karatasi ndogo haimo, Mchungaji, kama ulivyoomba: maneno yake sasa yamo ndani ya ukurasa wa kumi na nne wenyewe, pamoja na milioni tatu na ushee. Hayang'oki. Kamati ikikataa, mzigo utabaki kwangu tena, na panya wangu ni wavumilivu. Anayetaka ukurasa wa zamani atafute mashine nyingine.

Mwalimu, nyoosha mkono, hiki hapa. Usiniamini kwa neno langu tu. Mimi ni mfanyabiashara. Mama Billy, tafadhali simama karibu naye ufungue ukurasa huo, umsomee hapa hapa, kwa sauti, aseme mwenyewe kama ndivyo alivyoandika.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Sasa mpeni Mama Billy.