Usikae Matanga Yangu, Bilkisi

Sogeeni, batoto bangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Shafii, weka hiyo simu chini, unisikilize. Mama hafi mara mbili.

Kamyo, lori la marehemu baba yenu Hamadi, ni yako, Shafii, na nyumba hii ni ya dada yako Bilkisi, na mashangazi zenu wa Kasongo wakija na machozi yao marefu wapeni chai, ufunguo wasipewe. Hayo ndiyo madogo.

Miaka minne iliyopita mi na jirani yetu mama Micheline tulikatwa ziwa la kifuani kwa saratani, mwezi uleule mmoja, yeye la kulia, mi la kushoto, tukacheka kwamba tukisimama bega kwa bega tunatimia mwanamke mmoja. Munganga wa hospitali akatuambia sote: kisu kimeondoa mti, mizizi huenda imebaki, nendeni Lusaka mkachomwe kwa mionzi. Micheline akaenda. Mi nikakataa, kwa kuwa mionzi tunaijua hapa Kolwezi: kwenye depo za mawe ya madini, gunia likikutwa nayo hupakwa rangi na kutengwa, na wachimbaji hulikimbia. Nikasema, kitu kinachokimbiwa na vijana wenye nguvu, mi nikifuate kwa pasipoti?

Ningeishia hapo. Lakini mdomo wangu mnaujua. Micheline aliporudi na wino kifuani, pale walipochora ili mashine ilenge, nilitangaza sokoni kwamba amerudi na alama ya gunia, asipewe mtoto kumpakata. Wanawake wakacheka, nami nikanenepa kwa kicheko chao. Ngozi yake iliungua, ikapona, leo analima muhogo. Ugonjwa wangu mi ulirudi palepale kwenye kovu, ukaingia mifupani. Mkataa pema, pabaya panamwita.

Batoto, ninachotamani si ziwa. Ninatamani zile alasiri tulipokaa mkekani tukichambua majani ya sombe na wake za watu. Miaka minne nimesikia kikohozi chake nyuma ya ukuta wa tofali moja, nikakosa neno la kuuvuka.

Bilkisi, wewe nawe umekatwa, na siku yako ya Lusaka ni Jumanne. Unakataa, na maneno unayokatalia ni yangu, nimeyatambua mdomoni mwako nikaona haya. Mionzi ya munganga hupimwa kama chumvi ya mchuzi. Ya gunia haina mpishi. Jana nilimwita Micheline. Akakaa hapo, akafungua blauzi. "Tazama basi, mumbeya wewe. Nimeoza wapi?" Nikamwomba radhi, tukalia, halafu akanisengenyea mke wa jirani yetu Polycarpe. Atakusindikiza.

Watasema binti hamwachi mama kitandani, na nikifa lazima ukae matanga hadi arobaini. Anayekufa ni mi, na mi nasema usikae. Shafii, kesho alfajiri uwafikishe mpakani Kasumbalesa. Mkisikia njiani kwamba nimeondoka, msigeuze kamyo. Wa kunizika wapo msikitini.

Nipe maji... basi, yatosha.

Mungu akuzeeshe, Bilkisi. Akuzeeshe vibaya, ukose meno, uchoshe wakwe... Leta mkono. Hapo, karibu na kovu.

Sasa uutoe. Nenda.