Suruali Iliyokataa Kuketi

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya kufua, kushona na kupiga pasi katika Makao haya ya Askari Wastaafu, dobi wetu, ambaye sote tunamwita Mama Pasi, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Siku ya Kumbukumbu itakuwa siku kumi na moja baadaye. Sheria ya utumishi haikuona aibu hata kidogo.

Mimi ni mtunza stoo, na nimempa sabuni kwa miaka kumi na tisa. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu.

Alipoanza kazi, Makao yalikuwa na wazee arobaini na mmoja, watu waliotoka jeshini wasikute mke wala mtoto wa kuwapokea. Mwezi wake wa tatu, wote walimletea sare zao kwa mpigo, wakizitaka kabla ya kesho asubuhi. Alidhani kuna ukaguzi. Kumbe kesho yake ndiyo tarehe ambayo bunduki zilinyamaza katika vita vyao. Walijipanga uani kando ya kamba za nguo, kwa kuwa mlingoti wa bendera haukuwapo, wakataja majina ya wenzao ambao hawakurudi, kisha wakaenda kunywa chai. Hakuja mgeni hata mmoja. Mtazamaji alikuwa yeye peke yake, vibanio vya nguo mkononi.

Jambo hilo lilimkaa rohoni. Mwaka uliofuata aliwapitia majirani nyumba kwa nyumba, akamng'ang'ania mwalimu wa shule ya jirani mpaka akaleta darasa zima. Watu wakaongezeka, na mwaka wa tisa siku hiyo ikatangazwa kuwa sikukuu ya taifa, Siku ya Kumbukumbu. Hotuba husema iliasisiwa na kamati. Hapa Makao kamati inakumbukwa: ilikuja na turubai mwaka huo wa tisa, ikaondoka nalo jioni.

Hata desturi ya umati kusimama wakati wa hotuba ilianzia chumba cha kufulia. Sikukuu ile ya kwanza, kwa furaha, Mama Pasi alizidisha wanga wa kukazia nguo. Suruali ya mzee tunayemwita Koplo iliingia mwisho kwenye beseni, ikakutana na wanga mzito uliotuama chini, ikakauka ikawa ngumu kama ubao. Wenzake walipoketi, yeye alishindwa kukunja magoti. Akabaki wima, macho mbele, jasho likimtiririka. Mgeni rasmi akadhani ni heshima kwa waliokufa, akauomba umati wote usimame. Tangu hapo hakuna anayeketi, na hotuba zimekuwa fupi ajabu.

Ana daftari la viuno. Kila mwaka, kabla ya sikukuu, aliwapima wazee upya na kupunguza suruali, kwa kuwa wazee hukonda. Nimelisoma. Inchi thelathini na sita, thelathini na nne, thelathini na moja, kisha mstari mtupu. Kurasa arobaini zimeishia hivyo. Amebaki Koplo.

Sasa kamba ni nane na sare ni moja.  Nilimuuliza Mama Pasi atapiga pasi nini nyumbani, maana mumewe alitangulia zamani na binti yake anaishi mbali. Akasema kuna mapazia. Nilirudi stoo, nikapanga upya sabuni zilizokwisha kupangwa.

Miguu ya Koplo imedhoofu, na daktari ameagiza atolewe uani kwa kiti cha magurudumu. Koplo amesema hatataja majina ya wenzake akiwa amekaa. Kama hawezi kusimama, heri abaki chumbani. Wiki iliyopita alimwomba Mama Pasi aitie suruali wanga kama wa mwaka ule, huenda ikamshikilia. Mama Pasi hakucheka. Alimpima, akapunguza inchi moja, akaitumbukiza suruali mwisho wa beseni, safari hii makusudi.

Lakini anajua kwamba wanga haushikilii mtu. Ndiyo maana tulipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba ruhusa tu: aje siku hiyo, asimame kushoto kwa Koplo, amshike kiwiko mpaka jina la mwisho. Koplo amekubali kutoka.

Mama Pasi, asante kwa kila mkunjo ulionyooka. Tunakutakia mapumziko mema, na nyumba isiyokosa mtu wa kubisha hodi. Siku ya Kumbukumbu utakuta kiti mstari wa mbele chenye jina lako. Tumekiweka kwa kufuata utaratibu tu. Tunajua hutakikalia.