Mshenga na Kapera Wake

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika kitalu cha bustani yetu ya mimea, Mshenga anakabidhi funguo na kustaafu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa uchangamfu. Nimejitahidi, na pale nitakapokwama mtanisamehe.

Aliajiriwa kumwagilia maji, akapanda hadi kuwa msimamizi wa kitalu. Amekuza miche isiyo na idadi, amefukuza mbuzi wa majirani, na amegombana na kila aliyethubutu kuegemeza baiskeli kwa Kapera. Kwa wageni wetu, Kapera ni ule mti mdogo nyuma ya banda la udongo, unaolipita paa kidogo tu. Ni wa kijani mwaka mzima. Majani yake ni mazito, yanang'aa, na kila moja lina ncha ndefu ya kuchuruzia mvua. Maua yake meupe huchipuka kwenye shina lenyewe na hunuka maziwa yaliyochacha, harufu inayowapendeza nzi peke yao. Kwao hasa ni msituni, kando ya vijito, chini ya kivuli cha miti mirefu.

Miti hiyo ina madume na majike. Wetu ni dume. Vipandikizi vyake havitoi mizizi, na mbegu za aina hiyo zikikauka zimekufa, kwa hiyo hatuna akiba ghalani. Bila jike, ukoo mzima unaishia nyuma ya banda la udongo. Ndiyo maana kila msimu wa maua mwenzetu aliingia mabondeni kumtafutia mchumba, nasi tukambandika jina la Mshenga.

Siku moja alimwachia mlinzi ujumbe kwamba amekwenda kuposa. Mlinzi akaufikisha nyumbani kwa Mshenga neno kwa neno. Mkewe alifika ofisini na dada yake, hawakutaka chai wala kiti, na hawakutulia mpaka tulipowapeleka mbele ya Kapera. Tangu hapo shemeji yetu alikuwa wa kwanza kuulizia posa imefikia wapi.

Mwaka juzi posa ilijibiwa. Mshenga alipata jike kwenye bonde la mbali, akalipelekea chavua ya Kapera ndani ya kichupa na kuipaka kwa brashi ndogo, ua baada ya ua. Matunda yakafunga. Tulikunywa soda kitaluni, na Mshenga, ambaye hajui kucheza, alicheza.

Matunda yalikuwa bado mabichi bonde lilipotolewa lifyekwe kwa ajili ya shamba la mbao. Wakubwa walikubali mti ule mmoja ubaki, wakamwambia Mshenga auwekee alama. Akaufunga utepe mwekundu. Kwetu kitaluni utepe mwekundu maana yake usiguse. Kwa wakataji maana yake ni anza na huu. Hakuna aliyefikiria kuuliza, wala sisi tuliomkatia utepe huo.

Alirudi na matunda mabichi ndani ya kofia. Alizipanda mbegu zote huku akijua hazijakomaa, akazikalia kama mtu anayemuuguza mzazi. Hakuna iliyoota. Ametafuta jike jingine tangu hapo, na mabonde ya kutafutia yamekwisha. Nafasi yake kazini, tumeambiwa, haitajazwa.

Wiki iliyopita, wakati wa chai, mmoja wetu alimtania kwa mazoea, akamuuliza Kapera hajambo. Mshenga aliweka kikombe chini, akatuomba tusimwite hivyo tena. Kapera ni yule ambaye hajaoa, alisema. Huyu ni mgane.

Mshenga, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa kutufundisha kuupenda mti usio na faida sokoni. Nenda ukapumzike na shemeji, na afya ikae nanyi. Mgane amechanua tena wiki hii, shina zima. Tutammwagilia.